Wifi Alinisafisha Ulimi, Nikabaki Bubu

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto wanne, nimezaliwa Wingwi, kisiwani Pemba, na nakaa Wingwi mpaka hivi leo. Naandika nikiwa na hasira, na nasema mapema ili asije mtu akaniambia nimekosa adabu. Hasira hii nimekaa nayo miaka mitatu. Nimeiombea dua, nimeifungia swaumu, haikutoka! Sasa naitoa kwa kalamu, na anayejijua humu ndani na ajijue.

Mimi ni msukaji wa mikeka, na kazi hii nimefundishwa na mama yangu, Bi Mize. Kijijini kwetu hakuna bibi harusi aliyetandikiwa mkeka ambao haukupita mkononi mwa mama yangu. Hata macho yalipomwingia ukungu, akawa haoni isipokuwa kivuli cha mtu mlangoni, aliendelea kusuka vile vile. Watu wakishangaa… Mize, unasukaje na huoni? Yeye akicheka tu.

Alisuka kwa maneno. Nawaeleza vizuri hapa kwa sababu mkasa wangu wote umekaa hapa. Unachana ukindu, jani la mkindu, ukapata chane, vile vipande vyembamba. Unasuka chane ukapata ukili, utepe mrefu, na huo ukili ndio unaoshonwa ukawa mkeka. Sasa mama yangu chane zinazolala aliziita nke, zinazonyanyuka aliziita mume, na ile chane moja ya rangi inayopita kati akaiita ntoto. Akisuka alikuwa akisema polepole kama anambembeleza mtu: "Nke lala, mume inuka, nke lala, mume ruka…" Ukisema, vidole vinakwenda. Ukinyamaza, vidole vinasimama. Ndivyo alivyonifundisha na mimi, tangu sijajua kusoma.

Na ni nke, si mke! Sisi Wapemba tunasema nke, tunasema ntoto, tunasema nkeka. Mtu wa Unguja akitusikia tu huanza kutabasamu upande. Kwa nini? Sijui. Tumemkosea nini?

Basi siku moja sheha wetu alibandika tangazo. Kulikuwa na chuo cha jamii kimefunguliwa upande wa Wete, cha kuwafundisha vijana kazi za mikono, na kilitafuta mwalimu wa ususi. Tangazo lilisema vyeti si lazima sana, ujuzi ndio unaotakiwa. Nililisoma mara tatu. Nikaandika barua ya maombi kwa mkono wangu, nikaipeleka, na baada ya muda nikajibiwa niende kwenye usaili! Nitakaa mbele ya watu watatu, nitafundisha somo la dakika ishirini, waone kama naweza. Nilikuwa na wiki tatu za kujitayarisha.

Jamani, nilivyoitaka kazi ile! Si kwa ajili ya kuitwa mwalimu tu, ingawa na hilo nililitaka, kwa nini niseme uongo? Nilitaka mama apelekwe akatolewe ukungu wa macho. Daktari alishasema unatoka. Kilichokosekana ni mtu wa kumpeleka na kumlipia, na huyo mtu nilitaka niwe mimi.

Hapo ndipo alipoingia wifi yangu, Raya.

Raya ni dada wa mume wangu, Hamad. Aliolewa Unguja akakaa kule miaka kumi na moja, akaachwa, akarudi kwetu na masanduku mawili na Kiswahili cha redioni. Sikumcheka alipoachwa. Nilimpokea, nikampa chumba, nikampikia. Alipoona barua yangu alinikumbatia, akasema wifi, hii riziki yako, lakini ukienda huko na ulimi huu wako utachekwa mpaka utoke na mlango wa nyuma. Akasema yeye anawajua watu wa ofisini. Akasema niachie mimi, nitakusafisha.

Nitakusafisha! Kama mimi sufuria lenye masizi!

Na mimi nikakubali. Siku ya kwanza alikuja na daftari jipya, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja aliandika "Sema hivi," upande wa pili "Usiseme hivi." Akaniambia nifundishe kama kawaida yangu, yeye awe mwanafunzi. Kila nilipotamka neno la kwetu alinisimamisha, akaliandika upande wa pili, akanipa jingine. Nilipofika kwenye "Nke lala, mume inuka" alishika mdomo akacheka mpaka machozi. Akasema, "Wee Kazija! Utasimama mbele ya mashehe useme nke lala, mume inuka? Wallahi watajifunika kofia uso!"

Niliona haya… Nawaambia kweli, mwili mzima uliniwaka. Maneno niliyoyasema tangu utoto bila ubaya wowote, siku ile niliyaona machafu. Akanipa mengine ya kusema badala yake: "Chane ya kwanza inapita chini, chane ya pili inapita juu, chane ya kwanza inapita chini tena, chane ya pili inavuka chane mbili." Nikayakariri kama aya. Nikiwa jikoni nayasema, nikiwa shambani kwenye mihogo nayasema. Wanangu wakaanza kunigeza.

Mbona sikujiuliza? Mtu anayekusafisha ulimi, uchafu anaoutoa anauhifadhi wa nini? Mbona ule upande wa "Usiseme hivi" ndio aliouandika kwa mwandiko mzuri, na hesabu zote, na picha za vidole? Niliona kwa macho yangu na akili haikunijia.

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe, maana sitaki mseme Kazija anawasema wenzake tu.

Mama yangu alikuwa na msuko mmoja aliouita Nlango. Ni mkubwa kuliko misuko yote. Unaanza kama umefungwa, unafunguka katikati, halafu unajifunga tena, na kili zikishonwa pamoja, milango yote inakutana. Huo hakuwa amenifundisha. Aliupata kwa mama yake siku za mwisho, naye alikuwa akiniahidi tu. Wiki ya pili ya matayarisho alikuja barazani anapapasa ukuta, ana chane zake kwapani, akakaa karibu yangu. Akasema, "Kazija mwanangu, nkupe Nlango ukawaoneshe."

Raya alikuwa amekaa pale pale na daftari lake. Aliniangalia, akainua nyusi. Basi tu.

Na mimi nikamwambia mama yangu mzazi… nikamwambia, mama nyamaza! Nikamwambia maneno yako yananiharibu, nikikusikia wewe yananirudi mdomoni, utanitia aibu mbele za watu. Ndivyo nilivyosema. Kwa sauti!

Mama alizikusanya chane zake moja moja kwa kupapasa, na mimi sikuinuka kumsaidia. Tangu siku ile nikiwa karibu alisuka kimya, na mara nyingi alikuwa akikosea akifumua. Kila nilipokwenda shamba nilikuwa nikirudi namkuta Raya amekaa naye uani, wanazungumza. Nikafurahi, mjinga mimi! Nikasema wifi yangu ana moyo, anamliwaza mama yangu niliyemuudhi.

Siku ya usaili Raya alisema atanisindikiza. Alivaa baibui lake zuri la Unguja, akabeba mkoba. Akanitengeneza ushungi wangu mlangoni pa chuo, akaniambia usiogope.

Ndani walikuwa watatu. Mkuu wa chuo, mwanamke mmoja wa miwani, na mzee wa kofia nyeupe waliyekuwa wakimwita shehe. Vijana sita walikaa chini wawe wanafunzi wangu. Nilisalimu vizuri, nikaanza vizuri. Nikashika chane, nikasema, "Chane ya kwanza inapita chini…"

Na vidole vikasimama.

Maneno yalikuwa marefu mno! Nikimaliza kusema "chane ya pili inavuka chane mbili," vidole vilishasahau viko wapi. Nikaanza tena. Ukili ukajipinda. Mtoto mmoja wa kike akaniuliza sasa hii inakwenda wapi, na mimi nisijue inakwenda wapi. Mimi! Niliyesuka na usingizi, niliyesuka nikiwa na uchungu wa kuzaa! Jasho lilinitoka mpaka chane zikateleza mkononi. Nilifumua mara tatu, na mara ya tatu ukindu ukakatika.

Yule shehe alinionea huruma. Aliinama akaniuliza kwa upole, kwa Kipemba kitupu, "Mwanangu, kwenu mwasemaje mkisuka? Mamako husema n'ni?"

Mlango ulifunguliwa mbele yangu, wasomaji! Ilibaki niingie tu. Na nikamjibu, "Kwetu hatusemi kitu, shehe. Sisi husuka kimya."

Nilimkana mama yangu. Mbele ya watu tisa nilimkana.

Nilitoka nikakaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha. Nikatazama nimuone wifi yangu nimlilie. Hayupo. Halafu nikasikia mle ndani mkuu wa chuo anasema haya, wa mwisho, karibu Bi Raya.

Nikadhani nimesikia vibaya.

Kisha sauti yake ikatoka dirishani, tamu, na si ile ya Unguja. Alikizungumza Kipemba chetu kama hakuwahi kuvuka bahari. Akawaambia yeye amekaa miguuni pa mabibi wa Wingwi, akakusanya maneno yao yasije yakapotea. Akawaambia ususi wetu umo katika ulimi. Halafu akasema, "Haya watoto, semeni na mimi. Nke lala, mume inuka!"

Wale vijana wakacheka, wakaitikia. Nke lala, mume inuka! Nke lala, mume ruka! Dakika tano hazikufika, wote sita wanasuka. Nilimsikia yule shehe anasema mashaallah. Hakuna aliyejifunika kofia uso!

Halafu akawaonesha msuko mwingine, akasema huu unaitwa Nlango. Kumbe kule uani alikuwa hamliwazi mama yangu, alikuwa anamkamua. Alimwambia, haya niliyajua baadaye, kwamba mimi ndiye niliyemtuma aniandikie, kwa kuwa naona haya kumuomba mwenyewe.

Kazi akapewa yeye.

Nilimngoja nyumbani, na nilichomwambia siku ile hakiandikiki. Nilimwita mwizi mara ngapi, sijui. Yeye alivua viatu taratibu, akanijibu neno moja ambalo linaniuma mpaka leo: "Mimi sikukuibia, wifi. Ulikuwa unayatupa mwenyewe, mimi nikayaokota."

Mume wangu alisema nini? Alisema dada yake kaachwa, hana mtu, kapata riziki, nami nina husuda. Kwamba niliingia mimi wa mwanzo, nani alinizuia kusema? Nilimtazama Hamad, baba wa wanangu, nikaona namtazama mtu baki. Tumekaa naye mpaka leo lakini neno lile halijaondoka kati yetu.

Hasira zangu zikamwangukia asiyekosa. Nikachukua ukindu wote wa ndani nikautupa nyuma ya nyumba. Nikasema sitaki kusuka, sitaki kusikia. Mama alinisikia nilivyopita nikipiga milango. Siku moja baada ya adhuhuri aliniita, sauti ndogo kabisa. "Kazija, njoo nkupe lilobaki."

Nikamjibu kwamba sitaki kusikia habari za mikeka! Nikatoka.

Lilobaki… Sikuuliza limebaki nini. Sikuuliza!

Wiki ile ile mama alianguka msalani. Tukamkimbiza hospitali, wakatwambia ni kiharusi. Upande mzima wa kulia umekufa, na ulimi umefunga. Mama yangu niliyemwambia nyamaza, akanyamaza. Si mara moja niliweka sikio langu mdomoni mwake nikingoja hata herufi. Ilitoka pumzi tu.

Kwa miezi nilimuosha, nilimgeuza, nilimlisha uji, na sikuweza kumtazama. Kisha nikaanza kusikia maneno mitaani. Mikeka ya Raya ya Nlango ina kasoro. Kipande kidogo kizuri, lakini ukishona mkeka mzima, milango haikutani. Mmoja umefunguka huku, mwingine umekwenda kule. Raya alisema ukindu ni mbovu. Akabadilisha ukindu. Akasema wanafunzi ni wavivu, akawafumulisha. Mlango haufungi!

Nilifurahi, nisiwadanganye. Nilicheka peke yangu jikoni. Lakini furaha ile haikunisaidia, kwa sababu na mimi Nlango sikuujua, na mwenye kuujua amelala kitandani hana ulimi. Maneno ya mama yangu yalikuwa hayapo tena duniani isipokuwa kwenye daftari la adui yangu!

Basi nilifanya jambo gumu kuliko yote. Nilivaa baibui langu, nikaenda chuoni, nikaingia darasani kwa Raya, nikakaa chini mwisho kabisa pamoja na watoto wa watu. Aliponiona hakuthubutu kunitoa. Ubaoni ameandika kwa chaki, na mimi nikanakili maneno ya Nlango, ya mama yangu mwenyewe, kutoka kwenye ubao wa mwizi:

"Nke lala, mume inuka. Nke lala, mume ruka. Wawili waamkiane, ntoto apite kati."

Niliondoka bila ya kumuaga.

Alasiri ile nilikaa kitandani kwa mama. Nilichukua chane nikaziweka juu ya kifua chake, nikaanza kusuka na kusema. Kwa sauti, kwa Kipemba. Nke lala, mume inuka… Macho yake yasiyoona yalifunguka. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukaanza kugonga shuka kwa kidole kimoja. Nikisema, anagonga. Nikisema, anagonga. Machozi yananitoka lakini vidole vyangu vinakwenda, mara ya kwanza tangu ule usaili.

Nikafika mwisho, "ntoto apite kati." Nikarudi mwanzo.

Akanishika mkono. Akanikamata kwa nguvu ambazo sikujua kama anazo, akatikisa kichwa. Si hivyo! Akapapasa mpaka akaipata ile chane ya rangi, ntoto, ambayo imeshapita kati imebaki inaning'inia. Akaikunja. Akairudisha nyuma, akaipitisha chini ya ile ya mwanzo kabisa, chini ya nke, akaivuta ikakaza.

Mlango ukafunga.

Alimficha moja Raya! Alimpa yote akalibakiza lile la mwisho, alikuwa amelishika aje anipe mwenyewe mkononi. Alikuwa anangoja nimuombe tu. Akaniita nije nichukue, na mimi nikampigia mlango.

Maneno yake ya hatua ile yalikuwa yapi? Sitayajua. Alikwenda nayo, Mwenyezi Mungu amrehemu, mwezi uliofuata, macho yake hayajatolewa ukungu. Nimeweka ya kwangu: ntoto arudi kwa mamake.

Raya bado ni mwalimu na mikeka yake bado haifungi. Ameshaniletea watu mara mbili waniombe. Nimewaambia wamwambie atazame kwenye daftari lake.

Wanawake wenzangu, na wanaume pia, mnaokwenda kwenye usaili, mnaokwenda ofisini, nawaombeni kwa haki ya Mungu. Jifunzeni Kiswahili cha shule, kizuri, sikikatai, ndicho ninachowaandikia hapa. Lakini akija mtu na daftari akakwambia upande huu sema na upande huu usiseme, tazameni mkono wake unaandikia upande gani. Na kama mama yako yuko hai, na amekaa pembeni anakwambia njoo nikupe kitu, inuka! Acha sufuria motoni, acha mgeni barazani, inuka uende.

Sasa nafundisha watoto wa kike saba hapa hapa uani kwangu, bila cheti. Juzi mmoja wao, katika kutaka kunifurahisha, alisema, "Mwalimu, mkeka wangu umekwisha." Nikamfumulisha safu nzima mpaka aliposema nkeka.